Mguu wa Kushoto wa Bwana Shabani

Nyinyi mnaotaka kuwa wauguzi, hebu niambieni kwanza kama mnajua kufua. Mmeshaanza kucheka. Hata mjukuu wangu aliyetoka chuoni juzi alicheka, akasema, "Bibi, siku hizi kuna mashine." Nikamwambia sawa, mashine ifue, lakini haitakwambia nani amelowesha shuka kwa jasho la maumivu na nani amemwaga uji tu. Mimi niliingia hospitalini kwa mlango wa dobi, na mengi ninayoyajua kuhusu maumivu niliyapata nikiwa nimepandisha gauni mpaka magotini, povu limenijaa miguuni.

Ilikuwa hospitali ya misheni, kwenye vilima vilivyo kati ya Ngara na Biharamulo, wakati wa Mwingereza, kabla ya vita ya pili. Msije mkafikiri ni hospitali kama hizi zenu. Ilikuwa na wodi mbili za tofali zilizoezekwa nyasi, chumba cha kupasulia chenye dirisha kubwa kwa sababu taa yetu ilikuwa jua, na ua wa kuanikia katikati. Mkubwa wetu alikuwa Sista mmoja Mzungu, mwembamba, anayetembea kama aliyechelewa misa. Daktari alikuja kwa mzunguko. Akija tunapasua, akiondoka tunabaki na vidonda na sala.

Nilikuwa na umri wa kama miaka ishirini, binti wa wakulima wa Kirushya, mdomo mwepesi na mikono mizito. Katika mwezi wangu wa kwanza nilitia buluu ya kufulia kwenye bandeji badala ya kuitia kwenye shela za masista. Zikatoka samawati kama mbingu. Sista alishika kichwa, lakini hatukuwa na nyingine, tukazifunga hivyo hivyo. Basi watu wakaambizana sokoni kwamba misheni imeletewa dawa mpya ya rangi, na kuna mama mmoja aliyetembea kutoka Nyantakara, akakataa katakata bandeji nyeupe. "Nipeni ile ya watu waliopona," akasema. Sista akanitazama, akacheka mpaka akaketi. Tangu siku hiyo nilimpenda.

Alinipandisha cheo taratibu, kutoka kufua bandeji mpaka kuzifunga. Yeye ndiye aliyenifundisha kulowesha kitambaa kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu kabla ya kukibandua, na kuvuta kwa kufuata malaika ya ngozi, vile vinyweleo laini, si kinyume. Alinifundisha pia kumwuliza mgonjwa maumivu yake yanafanana na nini. "Ukimwuliza kama yanauma atakujibu ndiyo, nawe hujajifunza kitu," alikuwa akisema. "Mwulize yanafanana na nini, tena mwulize kwa lugha ya mama yake." Hilo la lugha ya mama liliniangukia mimi, kwa kuwa Kihangaza cha Sista kiliwachekesha hata wenye homa.

Sasa nije kwa Mzee Ntamagiro, maana yeye ndiye aliyenifanya niwaandikie.

Kwetu Kirushya hakuna aliyekuwa hamjui. Alikuwa mkanyagaji wa ndizi. Mkitaka pombe ya harusi mnaivisha ndizi zenu shimoni, mnazimenya, mnazimwaga ndani ya gogo lililochongwa kama mtumbwi, mnatia majani makali ya kuzikwaruza, kisha wanaume wanaingia na miguu iliyooshwa na kukanyaga mpaka maji matamu yajitenge na makapi. Hayo maji tunayaita mtobe. Watoto wanayanywa, wagonjwa wanayanywa, na wakubwa wanayatia unga wa mtama na kuyafunika mpaka yawe kile wanachokitaka. Mwanamke hakanyagi. Mwanamume naye anakanyaga akijua kukanyaga, vinginevyo mnakunywa makapi. Ntamagiro alikuwa akiitwa hata na watu wa mbali kabisa, na malipo yake ilikuwa heshima moja tu: mkanyagaji ndiye anayepewa mrija wa kwanza chungu kinapofunguliwa.

Kwenye muundi wa mguu wake wa kushoto alikuwa na donda ndugu la miaka mingi. Alilipaka kila kitu kinachopakwa. Mwishowe kingo zake zikainuka na kujikunja kama uyoga, likaanza kutoa damu na harufu, mkewe, Mama Koleta, akamleta kwa machela. Daktari alilitazama, akakata kipande kidogo, akasema hii ni kansa. Ndiyo, wanangu, saratani ilikuwapo hata wakati huo. Kilichokosekana ni jina lake midomoni mwa watu. Mionzi tulikuwa tunaisikia tu kwamba iko Ulaya. Dawa yetu ilikuwa kisu na nusukaputi. Mguu ukakatwa juu kidogo ya goti, kigutu kikashonwa vizuri, tukamshukuru Mungu.

Alipozinduka aliomba maji, akanywa, kisha akaniambia, "Binti wa Petro, nikunjulie vidole vya mguu wa kushoto. Vimekunjana."

Nilimfunua, nikamwonyesha. Akatazama mahali ambapo mguu ulikuwa. "Naona," akasema. "Lakini vimekunjana."

Yalikuwa maumivu ambayo sikuwahi kuyasikia. Nilimwuliza yanafanana na nini, akanipa majibu ya kutosha wodi nzima. Mara upupu, mara siafu, mara mtu anayekaza kamba kwenye kifundo cha mguu kisha anaimwagia maji ya moto. Vidole vinajikunja kwenda chini, alisema, kama vinavyojikunja ukiteleza ndani ya gogo, na havikunjuki. Mofini ilikuwa ya kuhesabiwa kwa matone na haikufanya kitu zaidi ya kumlaza. Akiamka, vidole viko pale pale.

Kitanda cha jirani alilala Bwana Shabani, mwenye duka la chumvi na kaniki pale Biharamulo, ambaye babu zake walitoka pwani enzi za misafara. Alikuwa ameanguka na baiskeli, mkono umevunjika, umefungwa kwa vibao na kuning'inizwa shingoni. Mtu nadhifu kupita kiasi. Kanzu yake aliikunja chini ya mto ili ipigwe pasi na kichwa chake mwenyewe. Kuguna kwa Ntamagiro kulimchosha.

"Mzee wangu," alimwambia siku moja, "mimi mkono ninao, nao umevunjika, na sipigi kelele. Wewe unaumwaje na mguu usiokuwapo?" Akaja kuketi kitandani pa Ntamagiro ili wazungumze vizuri, akajiweka palipo wazi, pale chini ya kigutu.

"Yebaba wee!" Ntamagiro alipaza sauti mpaka kuku wakakimbia uani. "Umenikalia mguu!"

Bwana Shabani aliruka kama aliyekalia kaa la moto. "Samahani! Samahani sana, sikuuona!" Wodi nzima ikafa kwa kicheko, na aliyecheka zaidi, baada ya kufuta machozi, ni Ntamagiro mwenyewe. Tangu hapo hakuna aliyeketi upande ule. Hata padri alipokuja kuwabariki wagonjwa, Bwana Shabani, Mwislamu safi, alimwelekeza: "Padri, pita huku, hapo kuna mguu wa mzee." Wakawa marafiki.

Lakini kicheko hakikukunjua vidole. Na daktari alikuwa ametuachia jambo zito. Kinenani pa Ntamagiro palikuwa na mitoki, tezi zilizovimba, na daktari alisema akirudi lazima aitoe, maana ugonjwa ulikuwa umeanza kupanda. Isipotolewa, kukatwa kwa mguu kutakuwa kazi bure na mzee atazikwa. Kuhusu yale maumivu alimweleza waziwazi, nami nikatafsiri: mishipa ya fahamu iliyokatwa imezoea kuuita mguu, mguu umehama, nayo bado inaita. Alikuwa ameyaona hayo kwa askari. Alisema tukaze bandeji ya kigutu sawasawa, tukisugue kwa kitambaa, tukipashe joto kwa mchanga uliotiwa kwenye soksi. Nikafanya yote, na yalisaidia kidogo, kama mvua ya manyunyu inavyosaidia shamba.

Ntamagiro alisikiliza, kisha akanijibu. "Mguu ulikuwa unauma, mmeukata. Bado unauma. Kwa hiyo ugonjwa haukuwa pale mlipokata. Sasa mnataka kukata pengine. Oya, hapana, binti wa Petro. Kama ni kufa, nitafia migombani kwangu." Akatuma habari nyumbani waje na machela, wamchukue kabla daktari hajarudi.

Nililia kule kwenye kamba za nguo. Nilikuwa nakunywa mtobe wa mtu yule tangu nikiwa mgongoni mwa mama yangu, na nilijua akitoka nje ya ule ua tutamsikia tena siku ya matanga. Sista alijaribu kusema naye, Mama Koleta alijaribu, wapi. Maumivu yalikuwa yakisema naye kwa sauti kubwa kuliko sisi sote.

Asubuhi ambayo ndugu zake walikuwa waje, mimi nilikuwa nafua mablanketi. Blanketi halifuliwi kwa mikono, linashinda nguvu. Linakanyagwa. Na chombo chetu cha kukanyagia mablanketi, Sista alikuwa amekinunua kijijini bila kuuliza kazi yake: gogo la kukamulia ndizi, refu, zuri, jeusi kwa uzee. Nililijua ni la nini. Nilinyamaza tu kwa kuwa lilifaa.

Ntamagiro alikuwa ameketishwa barazani aote jua akisubiri machela. Nikasikia sauti nyuma yangu.

"We binti! Umetia sabuni ndani ya gogo?"

"Ni gogo la hospitali, baba. Shikamoo."

"Marahaba, na Mungu akusamehe! Tena mwanamke ndani ya gogo! Na hebu tazama unavyokanyaga. Unaparapara kama kuku! Kisigino kwanza, kisha unageuza. Kisigino, geuza. Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Ni mablanketi, baba, si ndizi."

"Hata blanketi lina heshima yake. Toka humo. Nileteni pale."

Nilijua angetaka kunionyesha, kwa maana fundi akiona kazi yake inaharibiwa hawezi kukaa. Tulimbeba na benchi tukaliweka kwenye ukingo wa gogo, kigutu kikiwa juu, kikavu. Akashusha mguu wake wa kulia ndani ya povu. Akakanyaga, akageuza, akakanyaga. Kisha uso ukamkunjika.

"Haiendi," akasema. "Kazi hii ni ya miguu miwili. Wa kulia unakanyaga na wa kushoto unangoja zamu yake, haupati pa kukanyaga, ndipo unazidi kukaza." Akatazama huku na huku. Barazani alikuwapo Bwana Shabani, anachokonoa meno. "Bwana Shabani! Njoo hapa mbere, nipe mguu wako wa kushoto."

"Mimi? Kwenye gogo la pombe? Astaghafirullah!"

"Ni sabuni, Bwana. Utalewa sabuni?"

Bwana Shabani alikuja, akainusa ile sabuni kuhakikisha, akaosha mguu wake kabla ya kuuingiza kwenye maji ya kufulia, mnaona mtu huyo, akajibana kando ya Ntamagiro. Mguu wa kulia akaukunja chini yake juu ya benchi. Ili kanzu isirukiwe na povu, aliomba blanketi kavu, akalitandaza mapajani mwao wote wawili. Kwa hiyo chini ya blanketi moja ikatokeza miguu miwili, wa kulia wenye nyufa za mkulima, na wa kushoto laini, kucha zimekatwa.

"Ni mguu wa mtu asiyelima," Ntamagiro akasema akiutazama, "lakini utafaa. Nifuate. Kanyaga, geuza. Kanyaga, geuza. Si hivyo, umekuwa mzito! Kanyaga, geuza!"

Walianza vibaya, wakagongana, wakatukanana kwa heshima. Kisha wakapatana. Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Ntamagiro alikuwa ameinama, macho yake yako kwenye ile miguu miwili na hayabanduki. Akaanza kuguna wimbo wa kukanyagia, ule wa Kirushya, wagonjwa barazani wakaupokea. Mama mmoja wa wodi ya pili akapiga vigelegele, hajui hata ni vya nini. Kisha Ntamagiro akakata wimbo.

"Binti wa Petro."

"Baba?"

"Vidole vinafunguka." Alisema polepole, kama anayeogopa kuvishtua. "Kidole gumba kimefunguka. Na kinachofuata. Bwana Shabani, usisimame! Kanyaga, ndugu yangu, kanyaga!"

Bwana Shabani alikanyaga, jasho linamtoka, kilemba kimemwendea upande. Ntamagiro alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, nami vile vile, na Sista, aliyetoka mbio kuja kuuliza kelele ni za nini, alisimama mlangoni na sindano mkononi, akasahau alikuwa anampelekea nani.

Hapo ndipo ndugu walipoingia uani na machela, wanaume wanne wenye nguvu, Mama Koleta mbele yao. Walimkuta mgonjwa wao waliyeambiwa yu taabani amekaa ndani ya povu bega kwa bega na muuza chumvi, anaimba.

"Baba Koleta," mkewe akasema, "toka basi, twende nyumbani."

"Ngojeni," akajibu bila kuinua macho. "Haya mablanketi hayajaiva."

Walingoja. Yalipoiva kwa kipimo chake, aliinua mguu wake, akaufuta, akamwambia mkewe maneno ambayo mpaka leo nayasikia. "Mama Koleta, mguu umenyamaza. Sijui umelala au umekwenda, lakini umenyamaza, na donda haliko. Kumbe walikata palipostahili. Rudini na machela. Namngoja daktari." Mama Koleta alikaa chini pale pale kwenye matope, akafunika uso kwa nguo yake. Wale wanaume wanne, Sista hakuwaacha waondoke hivi hivi. Aliwapa mablanketi wayakamue.

Siwadanganyi kwamba maumivu yalikwisha. Yalirudi, mara jioni ile ile, mara yakikaa kimya siku nzima kisha yakaja na mvua. Lakini sasa tulikuwa na la kufanya, na mgonjwa mwenye la kufanya si sawa na mgonjwa anayengoja tu. Yakija, Ntamagiro anaita, "Bwana Shabani, mguu wangu!" na Bwana Shabani anakuja, hata bila maji, wanaketi, wanatandaza blanketi, wanakanyaga beseni tupu. Sijawahi kuwa na mablanketi safi kama msimu ule. Nilifua hata ya wagonjwa waliokuwa bado hawajayachafua.

Daktari alirudi. Tulipomweleza hakucheka. Aliomba aonyeshwe, akachuchumaa mbele ya gogo, akatazama, akaandika, akatutaka tuendelee. Kisha akaitoa mitoki, kazi ya muda mrefu na ya hatari, nami ndimi niliyeshika mkono wa mzee mpaka nusukaputi ilipomchukua. Baada ya hapo vidole vilikunjana vibaya kuliko mwanzo. Mkono wa Bwana Shabani ulikuwa umekwisha kupona, vibao vimetolewa, duka linamngoja. Yeye akaendelea kuuning'iniza shingoni. Sista alipomwuliza, alisema unamsumbua hali ya hewa ikibadilika. Sista alimtazama, akamwambia basi akae mpaka hali ya hewa itulie. Akakaa mpaka mzee alipoweza kuketi na kukanyaga tena.

Alipoondoka, Ntamagiro alijifunza kufanya peke yake. "Nafumba macho," aliniambia, "namwona yule Mswahili na kucha zake, naanza." Nimewafundisha wengi njia hiyo katika miaka yangu ya kazi, watu waliokatwa miguu na waliokatwa mikono. Wengine iliwasaidia, wengine haikuwasaidia, nikawatafutia nyingine. Nyinyi mna vidonge vya mishipa, wapeni, ni vizuri. Lakini kabla ya kidonge mwulizeni yanafanana na nini, na mwulizeni alikuwa anafanya kazi gani.

Ntamagiro aliishi. Alikufa mzee sana, kwa homa, si kwa donda, na wajukuu aliwaona mpaka akachoka na kelele zao. Mimi niliolewa miaka miwili mitatu baada ya yeye kutoka hospitalini, nyumbani kwetu Kirushya, na baba yangu alipouliza nani atakanyaga ndizi, nilisema yuko mmoja tu. Alikuja kwa magongo yake. Siku hiyo hiyo baiskeli ikaingia kutoka Biharamulo, na juu yake Bwana Shabani, kanzu imekunjwa begani. "Mimi nakanyaga mtobe," aliwatangazia wazee wote. "Mtakachoutia kesho sikijui wala sitaki kukijua." Wakaketi kwenye ukingo wa gogo, la ndizi kweli kweli safari hii, wakatandaza blanketi. Kabla mtama haujatiwa, Ntamagiro alimtengea rafiki yake kibuyu kizima cha mtobe mtamu.

Siku ya harusi chungu kilipofunguliwa, wazee walileta mirija ya kwanza kwa wakanyagaji, mmoja kwa kila mtu, kama ilivyo desturi yetu. Bwana Shabani aliweka mkono kifuani, akashukuru, akainua kibuyu chake. Mwenye mrija akabaki ameushika, hajui aupeleke wapi.

"Lete huku," Ntamagiro akasema, akanyoosha mkono. "Huo mguu ni wangu."